Tone Ambalo Halikugusa Maji

Mtaani kwake hakuna aliyewahi kumshinda kutunga uzi kwenye sindano. Mafundi cherehani walimtumia sindano zao zilizowatoa machozi, naye alizitunga huku akiendelea na maongezi, hata hakatishi sentensi. Chai aliimimina mpaka kwenye ukingo wa kikombe na akakibeba kutoka jikoni hadi sebuleni bila kumwaga. Watu wakasema mkono ule umetiwa risasi ndani, hautikisiki. Ila jina la Bi Tone hakulipata mtaani. Alilipata kazini, na mtaa ukalichukua bila kuelewa maana yake, kama mitaa inavyofanya.

Kazi yake ilikuwa maabara ya maji. Usifikirie majumba ya vioo. Ilikuwa nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu, kuta zimepakwa rangi ya maziwa, meza za vigae vilivyochubuka kingo, na bomba moja lililokuwa likidondoka hata fundi alipoapa kwamba ameliweza. Watu walileta maji ya visima vyao, nao pale walitazama kama yana dawa za kuulia wadudu au uchafu mwingine ambao jicho halioni na ulimi hauonji.

Sasa, sumu ikiingia kwenye maji haikai imejianika kama nguo kwenye kamba. Inakuwa kidogo mno, imetawanyika, na mashine ya kupimia haiwezi kuikamata vivyo hivyo. Lazima kwanza itolewe majini na kukusanywa mahali padogo. Zamani walikuwa wanatikisa maji mengi na kiyeyushi kingi kwenye chupa kubwa, mpaka harufu inawapanda kichwani na jioni wanarudi nyumbani wakiwa kama walevi wasiolewa. Kisha ikaja njia ya tone. Unavuta kiyeyushi kidogo sana kwenye bomba lenye sindano nyembamba, unalibana kwenye kishikio, unaishusha sindano ndani ya kichupa cha maji ambamo kisumaku kinazunguka taratibu, halafu unasukuma kwa kidole, polepole, mpaka tone litoke na kuning'inia kwenye ncha. Kiyeyushi hakichanganyiki na maji, kama mafuta tu. Lakini sumu inakipenda kuliko inavyoyapenda maji, kwa hiyo inahama yenyewe, inaingia ndani ya tone na kujaa humo. Ukishasubiri vya kutosha unalirudisha tone ndani ya sindano na kulipeleka kwenye mashine.

Ukisimuliwa unaona ni mchezo. Kishikio kinashika bomba, ndiyo, lakini kusukuma na kuvuta ni kazi ya kidole cha mtu. Kidole kikishtuka kidogo tu, tone linaachia ncha, linaelea juu, na kazi yote inaanza upya. Wapo vijana waliokuja na vyeti vyao wakaondoka wakisema macho yao yana tatizo. Bi Tone, aliyeanza pale kama muosha vyombo, alilitundika tone siku ile ile aliyoshikishwa sindano mara ya kwanza. Alisema tone halisukumwi, linabembelezwa. Marehemu mume wake alikuwa akiwaambia wageni, "Mke wangu kazi yake ni kutazama tone lisidondoke. Siku ya mvua anafanya ovataimu." Wageni walicheka, naye Bi Tone alicheka kuliko wote, kwa sababu alijua mume wake anajivuna.

Pembeni yake kwenye meza ile alikaa Mama Pacha. Alikuja pale binti mbichi, hajaolewa, mikono inamtetemeka kwa woga, na Bi Tone ndiye aliyemfundisha kila kitu: kushika bomba, kupumua wakati wa kusukuma, hata kumjibu Mkuu wa maabara bila kumkera. Alipojifungua mapacha, Bi Tone alikaa naye hospitali kama mama mzazi. Mchana walikula bakuli moja. Mama Pacha alimwita dada, yeye akamwita mdogo wangu, na mgeni aliyeingia maabara akiwaona wamevaa makoti yao meupe wakibishana kuhusu feni iwashwe au izimwe, alidhani kweli wamezaliwa tumbo moja. Wenyewe walimwacha adhani hivyo.

Halafu siku moja uzi ukakataa kuingia kwenye sindano.

Bi Tone alidhani ni macho. Akasogea dirishani. Akatazama vizuri na kuona kwamba macho hayana kosa, ni mkono. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinacheza vyenyewe, kidogo, kama vinasikia ngoma ambayo yeye haisikii. Fundi cherehani aliyekuwa akisubiri akamwambia, "Umechoka, Bi Tone." Naye akasema ndiyo, amechoka. Daktari aliyemwona baadaye alimwambia haya si maradhi ya kuua, lakini pia si ya kuondoka. Alitoka pale akiwa na hasira na mkono wake kama mtu mwenye hasira na mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni. Mkono uliomlisha, uliompa jina, ndio wa kwanza kumgeuka.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Bi Tone msemo huo aliujua kwa kichwa. Aliwahi hata kuwaambia wengine. Ila kuujua msemo ni jambo moja na kwenda kwa Mkuu ukasema "mkono wangu umekwisha" ni jambo jingine. Angekuwa nani baada ya hapo? Angerudi kuosha vyombo? Hakumwambia Mkuu. Hakumwambia hata binti yake. Alimwambia Mama Pacha peke yake, siku tone lilipomdondoka mara tatu mfululizo na akabaki amekaa akilitazama linavyoelea.

Mama Pacha alimshika mkono ule, akaufunika kwa mikono yake miwili.

"Dada, hili lisikuumize kichwa," alisema. "Tone lako ni tone langu. Wewe andaa chupa, chuja maji, pasha mashine moto. Mimi nitatundika. Nani atajua?"

"Kazi ya watu wawili, mdogo wangu? Utaiweza?"

"Wewe ulinibeba miaka yote. Mimi nishindwe kukubeba kidogo?"

Bi Tone alilia pale pale, kwa furaha, na nyumbani usiku alimwombea Mama Pacha dua ndefu kuliko aliyojiombea mwenyewe. Ikawa hivyo. Maji yalipokelewa kwa jina la Bi Tone, yakaandaliwa na Bi Tone, majibu yakatoka kwa jina la Bi Tone. Sindano ilishikwa na Mama Pacha. Mkuu wa maabara alikuwa mtu wa haki na hakuwa mjinga, ila alikuwa na chumba chake na simu zake, na meza ya wanawake wale wawili ilikuwa haijawahi kumpa sababu ya kuichungulia.

Binti pekee wa Bi Tone alikuwa ameolewa na kuhamia na mumewe pembezoni mwa mji, mahali ambapo nyumba zinakutana na bustani za mboga. Walichimba kisima uani. Yule binti alikuwa na mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza humfanya mtu aogope hata kivuli cha sufuria. Akampigia mama yake. "Mama, wanapuliza dawa hapo jirani kila wiki. Haya maji nisiyaguse mpaka uyapime wewe. Wewe mwenyewe, usimpe mtu."

Bi Tone akaenda siku ya mapumziko, akachota mwenyewe, chupa mbili kama ilivyo desturi ya maabara: moja ya kupima na moja ya akiba ya kuweka kwenye friji. Kesho yake aliinua ile ya kwanza dirishani kumwonyesha Mama Pacha. "Tazama yanavyong'aa! Haya hata mashine itaona aibu kuyatia kasoro." Wakacheka. Akachuja, akaandaa, akampisha mwenzake kwenye sindano na kwenda kupokea watu waliokuwa mlangoni na madumu. Bi Tone alipokaribia kuwamaliza, Mama Pacha alimpungia mkono kutoka kwenye mashine. Mstari ulikuwa umelala chini, hauna kilele hata kimoja pale ambapo sumu ingejionyesha. Safi kabisa.

Hakungoja. Jioni ile ile alikwenda kwa bintiye. Alikuta majirani wawili wamekaa kwenye baraza na ndoo zao, wanasubiri neno. Sijui ni kiburi, sijui ni mazoea, au ni macho yale ya watu yaliyomtazama kama anayeshuka na habari kutoka mbinguni. Alinyanyua kikombe, akanywa chote, akafuta mdomo.

"Kunyweni," alisema. "Nimeyapima kwa mkono wangu huu huu."

Binti yake akatabasamu, akachota na kunywa. Majirani wakajaza ndoo. Toka siku hiyo kikawa kisima cha watu wote, na ukiuliza kwa nini, unajibiwa: mama yake yule ni Bi Tone.

Msimu mmoja wa mvua ulipita. Mkuu wa maabara akarudi kutoka mafunzoni na njia mpya, amechangamka kama kijana aliyenunua pikipiki. Njia hii haikutaka tone la kuning'inia. Unachukua kineli, kichupa chembamba cha kioo, chenye maji, unarusha ndani yake kiyeyushi kizito kidogo kilichochanganywa na kingine cha kukitawanya. Maji yanageuka ukungu mweupe mara moja, kwa sababu kiyeyushi kimekatika vipande vidogo vidogo visivyohesabika, na kila kipande kinanyakua sumu yake. Unatikisa. Unaweka kwenye mashine ya kuzungusha, na ukungu wote unakusanyika chini kabisa kama tone moja lililotulia. Hilo ndilo unalolinyonya na kulipima.

"Unatikisa?" Bi Tone aliuliza.

"Unatikisa, Mama. Hata kwa nguvu."

Hakuna aliyeelewa kwa nini mama mzima amegeuka ukutani na kupangusa macho kwa mkono wa koti. Kumbe mkono unaotetemeka bado una kazi duniani! Angeweza tena kupima maji yake mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Angemtua mdogo wake mzigo. Alimtazama Mama Pacha amgawie furaha ile, na Mama Pacha akatabasamu haraka na kuangalia kwingine. Wakati ule Bi Tone hakulitilia maanani.

Ila njia mpya haiaminiwi hivi hivi. Lazima uijaribu kwanza na maji unayoyajua kuwa hayana kitu, uone kama na yenyewe itasema hakuna kitu. Mkuu hakutaka maji yaliyokwisha kutakaswa maabara peke yake. "Nataka ya kisima halisi," alisema, "yaliyopimwa hapa yakaonekana safi. Nani anayo?"

"Mimi ninayo!" Bi Tone alikwishafika kwenye friji. "Chupa ya akiba ya kisima cha mwanangu. Ukitafuta maji safi kuliko haya, utabaki na mvua."

"Dada," Mama Pacha alisema kwa nyuma, "tuchukue ya kisima kingine. Hayo yamekaa."

"Kisima cha mwanangu kimekukosea nini wewe? Lete kineli."

Bi Tone akatikisa kwa raha, kama anayetikisa kayamba. Ukungu ukaja, ukazungushwa, tone likatua. Akalinyonya, mkono ukacheza lakini chini ya kineli hakuna mahali pa tone kukimbilia. Akalipeleka kwenye mashine, na wote watatu wakasimama kutazama mstari ukitembea. Ulikwenda, ukalala, ukalala, kisha ukanyanyuka. Kilele chembamba kirefu, mahali ambapo dawa ya bustanini hukaa.

Mkuu alikunja uso. "Vioo," alisema. "Vineli ni vipya, vina uchafu wa kiwandani. Osheni vyote, mrudie." Akaitwa kwenye simu, akaondoka.

Walivua pete, wakakunja mikono, wakaosha. Sabuni, maji ya moto, maji yaliyotakaswa, kisha kiyeyushi, kisha tanuri dogo vikauke. Walirudia. Kilele kikaja. Wakabadilisha kiyeyushi wakafungua chupa mpya. Kilele kikaja. Bi Tone akaanza kujilaumu: labda ni glavu, labda mafuta ya kujipaka, labda ni yeye na mikono yake iliyozeeka inayochafua kila inachokigusa. Alisugua vidole mpaka vikawa vyekundu. Pembeni yake Mama Pacha alisugua pia, kimya, kineli baada ya kineli. Aliwahi hata kusema, "Pole, dada. Hivi vioo vya siku hizi." Neno hilo, pole, lilikuja kumuuma Bi Tone kuliko mengine yote.

Mwishowe alifanya alilopaswa kulifanya mwanzo, kama wasingeambiwa ni vioo. Akachukua vineli vile vile, akaweka maji yaliyotakaswa ya maabara, akatikisa, akapima. Mstari ukalala chini bila tatizo. Akarudisha maji ya kisima, kilele kikasimama.

Vioo vilikuwa safi, na kiyeyushi kilikuwa safi, na hata mikono yake mizee haikuwa na kosa. Kichafu kilikuwa maji.

Alikaa chini. Feni ilikuwa inazunguka, na bomba likawa linadondoka kwenye sinki. Alimwona bintiye na tumbo lake, kikombe mkononi. Kisha akageuka. Mama Pacha alikuwa bado anasugua kineli kilichokwisha kutakata.

"Mdogo wangu. Lile tone la siku ile ulilitundika?"

Mama Pacha akaendelea kusugua.

"Nakuuliza wewe. Tone liliingia kwenye maji ya mwanangu, au halikuingia?"

Mama Pacha aliweka kineli mezani kwa uangalifu, kama aliyefundishwa vizuri. "Lilidondoka," alisema. "Mara ya kwanza likadondoka. Ya pili likadondoka. Watoto walikuwa wanatoka shule, na foleni ya madumu ilikuwa mpaka nje, kazi yangu na yako. Nikavuta kiyeyushi kitupu nikakipeleka kwenye mashine. Wewe mwenyewe ulisema yanang'aa, dada. Nikasema maji ya bintiyo yatakuwa na nini?"

"Ni ya mwanangu peke yake?"

Mama Pacha akatikisa kichwa taratibu.

"Na leo," Bi Tone alisema, sauti imekauka, "umeniacha naosha. Unajua, na umesimama hapa na mimi unaosha. Umeniambia pole!"

"Nilikuwa nakufunika, dada! Toka mwanzo ni kukufunika!"

"Nilikuomba unifunike. Nilikuomba unizike?"

Wakalia, kila mmoja kwa upande wake wa meza. Mama Pacha alimwomba kitu kimoja tu: wasiende kwa Mkuu sasa hivi. Ampe mpaka kesho azungumze na mume wake kwanza, halafu asubuhi waingie wote wawili, washikane mikono, waseme kila kitu. Na Bi Tone, ambaye moyo wake ulikuwa umechanika lakini bado haujajua kumkatalia mtu yule, akakubali. Kikulacho ki nguoni mwako, na wengi wetu hata baada ya kuumwa tunaendelea kuivaa ile nguo.

Alimpigia binti yake. "Mwanangu, msinywe hayo maji. Na majirani waambie. Mpaka nije."

"Kuna nini, Mama?"

Hapa ndipo mtu angetaka kumshika Bi Tone mabega na kumtikisa. Alikuwa na nafasi. Akasema, "Mashine ilikosea kidogo."

Asubuhi alifika mapema, kavaa vizuri, kajiandaa kuaibika. Kiti cha Mama Pacha kilikuwa kitupu. Mlango wa Mkuu ulikuwa umefungwa, na nyuma yake alisikia sauti anayoijua kama sauti ya bomba lile. Alibisha. Akaingia. Mama Pacha alikuwa amekaa, kitambaa mkononi, macho sakafuni.

"Kaa, Mama," Mkuu alisema. Hakuwa mkali, na upole ule ulitisha zaidi. "Mwenzako amenieleza jambo. Anasema mkono wako una shida siku nyingi, naye amenyamaza kwa kukuheshimu. Anasema tone la kisima cha bintiyo lilikudondoka, ukapeleka kiyeyushi kitupu. Nyosha mkono, tafadhali."

Bi Tone alimtazama Mama Pacha. Alingoja anyanyue macho na kusema, hapana, sikusema hivyo. Hakuyanyanyua. Basi akanyosha mkono juu ya meza ya Mkuu, kati ya simu na kikombe, na mkono ukacheza mbele ya wote watatu. Hapo ndipo alipoelewa jinsi mtu wa karibu anavyoua. Adui angebuni jambo, ukampinga. Rafiki anachukua ukweli wako uliompa umwekee, anautumbukizia uongo mmoja, na unakosa pa kushika.

"Mkono ni kweli," Bi Tone alisema. "Mengine si kweli. Mimi sijatundika tone tangu mkono huu uanze. Matone yote yenye jina langu ameyatundika yeye, kwa makubaliano yetu. Alinificha, nami nikamficha."

Mkuu alivua miwani. "Mama, ukiwa unasema uongo, umenidanganya leo tu. Ukiwa unasema kweli, umenidanganya kila siku. Unataka niandike lipi?"

Palikuwa na mlango pale, na Bi Tone aliuona. Kubali ulikosea mara moja, mama mzee, mkono ulikushinda. Utasamehewa, utapewa njia mpya, utatikisa vineli vyako mpaka ustaafu. Lakini kisima kimoja tu ndicho kingepimwa upya. Vile vingine vyote, vya watu waliosubiri mlangoni na madumu, vingebaki "safi" kwa jina lake.

"Kila siku," alisema. "Andika kila siku. Na visima vyote vya siku hizo virudiwe."

Mama Pacha alitoa sauti kama aliyekanyagwa. Hakukana.

Wote wawili waliondolewa kwenye meza ile. Visima vikarudiwa kwa njia ya ukungu, vingi vikawa safi kweli, vichache havikuwa, na wenyewe wakaambiwa. Mama Pacha alihamishiwa ofisi nyingine ya mbali na hakuaga. Watu wa maabara walisema Bi Tone ni mwanamke wa ajabu, kajichimbia kaburi na kaburi la mwenzake. Yeye aliyasikia yote. Kilichomkosesha usingizi hakikuwa kazi, kilikuwa bakuli lile moja la mchana. Alikuwa akijiuliza ni siku ngapi mwenzake alikula naye akiwa anajua.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ile, kutoka kwa Mkuu, alikwenda moja kwa moja kwa bintiye. Alikuta kisima kimefunikwa bati na jiwe juu yake. Binti alikuwa amekaa jikoni, miguu imevimba, anamenya viazi. Bi Tone alikaa kwenye kigoda akamwaga yote: Mama Pacha, sindano, vioo, pole ile, mlango uliofungwa. Alisimulia kama aliyedhulumiwa, kwa kuwa alikuwa amedhulumiwa, na alitaka angalau mtu mmoja duniani amshike mkono na kusema, wamekufanyia vibaya, Mama.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisu kilikuwa kimesimama kwenye kiazi.

"Pole, Mama," alisema. Kisha akauliza, "Kwa hiyo siku ile ulipokunywa, ukasema umeyapima kwa mkono wako, yalikuwa yamepimwa na nani?"

"Mwanangu, nilijua yeye..."

"Nilikuomba uyapime wewe, usimpe mtu. Nilikuomba hivyo."

"Ndiyo."

"Na jana ukaniambia ni mashine."

Bi Tone aliutazama uso wa mwanawe ukifunga, polepole, na akaujua uso ule. Ndio aliokuwa amemgeuzia Mama Pacha juu ya vineli. Binti hakupiga kelele. Alimaliza kumenya viazi, akampikia mama yake, akamsindikiza mpaka njiani kwa adabu zote, kama mgeni.

Mtoto alizaliwa mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na daktari hakuona tatizo lolote kwake wala kwa mamaye. Bi Tone huja kumbeba. Wanacheka, wanakula pamoja, hakuna ugomvi, na jirani akipita anaona mama na mwana wanaopendana, na hajakosea. Ila Bi Tone akiwa dirishani na kusema, "Anua nguo, mwanangu, mvua inakuja," binti huweka chini alichoshika, husogea naye dirishani, na hutazama mawingu mwenyewe.